Kabla Meno ya Maziwa Hayajaanguka

Habari ya kifo cha shemeji Mukendi ilinikuta mezani, nikibishana na mwanangu juu ya meno. Mwanangu anafanya kazi Fungurume, kwenye mgodi mkubwa, na mwajiri wake amewaletea bima mpya. Ya hospitali wamepewa wote, lakini ya meno na ya macho kila mfanyakazi achague mwenyewe kama anaitaka kwa watoto wake. Yeye anao wawili, na mkubwa hajafika hata miaka minne. Mkewe alitaka waichukue. Yeye akacheka, akasema watoto wadogo vile meno yao ni ya kuazima tu, na macho yao yanaona hata sisimizi chini ya kabati, sasa bima ya nini? Nikamwambia anyamaze. Nilimwambia vibaya, kijiko kikiwa mkononi, mpaka mkwe wangu akainamia sahani yake. Tukiwa bado hivyo simu ikalia, na sauti ya mwanamume nisiyemjua, kutoka Mwene-Ditu kule Kasai, ikaniambia kwamba Tata Mukendi, mume wa yaya yangu, dada yangu mkubwa, alilala na hakuamka. Nililia, na wote mezani wakajua nalilia kifo. Ni kweli, shemeji yule alinilisha mwaka mzima bila kuninunia hata siku moja. Ila nililia kwa hasira pia, maana maneno yale ya mwanangu nilishawahi kuyasikia, karibu neno kwa neno, kwenye meza nyingine, kule Musonoi, mtaa wa migodi wa Kolwezi, Katanga, mwaka ule watu walipofukuzwa.

Mambo ya ukoo nayaacha, hayana msaada hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, shule zimefungwa kwa mgomo, nikikaa kwa yaya Numbi na mumewe, nikimsaidia na watoto wake wawili: Kapinga, msichana aliyekuwa anaelekea miaka sita, na Dodo, kitoto kilichokuwa bado kinabebwa mgongoni kikichoka. Nyumba ilikuwa ya Kampuni, ile ya migodi, kama nyumba zote za mtaa ule: matofali, bati, sakafu ya saruji niliyoipaka nta nyekundu kila Jumamosi mpaka magoti yangu yakawa na rangi ileile. Sebuleni kulikuwa na meza, viti visivyofanana, na kabati la vioo ambamo yaya alitunza vikombe vya harusi. Zamani, kila alasiri, wakilipua mwamba kule shimoni, vikombe vile viligongana vyenyewe, na Dodo alikuwa anavijibu, ti-ti-ti. Mwaka ule milipuko ilianza kupungua. Wiki ingepita vikombe havijasema kitu. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka kazini mapema, mashati safi, na usafi ule wa mashati ulimwogopesha yaya kuliko kelele yoyote. Alikuwa akiyageuza kola, anayanusa, anayarudisha msumarini.

Kwa asiyejua maisha yale, Kampuni ndiyo ilikuwa tata na ndiyo mama. Ilikuzalisha, ikakusomesha, ikakutibu, na ukifa ilikutengenezea sanduku. Mshahara ulikuwa karatasi tu, ukichelewa kununua unga leo, kesho hautoshi chumvi. Tulichoishi nacho ni posho: gunia la unga wa mahindi, maharagwe, mafuta, bitoyo, ile samaki ya chumvi, vyote vikipimwa kantini mwisho wa mwezi, wanawake wamepanga mstari na mabeseni. Basi wakati Kampuni ilipoanza kuishiwa, ilikata kwanza vitu ambavyo hakuna mtu angevililia barabarani. Wafanyakazi waliitwa kwenye ukumbi, wakaambiwa hospitali ingebaki, lakini meno na macho ya familia basi. Anayetaka kuendelea ataingia katika mfuko mpya, na mfuko huo utalipwa kwa posho: kila mtoto meka moja ya unga, lile kopo la kupimia, kila mwezi, unaiacha palepale kantini kabla hujabeba gunia lako. Meno na macho vinakwenda pamoja, huwezi kuchukua kimoja. Na karte, kadi ya mfuko huo, haianzi kufanya kazi mpaka uwe umeacha unga kwenye posho tatu.

Shemeji alituletea habari hiyo wakati wa kula, bukari, ugali wetu, ikiwa bado inafuka moshi. Yaya alimsikiliza mpaka mwisho huku akimtolea Dodo miiba ya samaki. Kisha akauliza kama meno ya Dodo, yaliyokuwa yameanza kuwa meusi mbele kwa kunyonya miwa, hayataanguka yenyewe. Shemeji akasema yataanguka. Akauliza kama Kapinga anajua kusoma. Shemeji akasema bado.

"Sasa mi niache bunga yangu kule juu ya meno yenye kuanguka yenyewe, na macho yenye haiyasoma kitu?" yaya alisema. "Meno ya kutafuna nini, kama bunga yote imebakia kantini?"

Tulicheka, hata shemeji. Alikuwa mtu wa kucheka polepole, mabega kwanza. Lakini ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba, na baadaye niliwasikia wakirudia mazungumzo yale bila kicheko. Nikaelewa kwamba yaya hakuwa anabishania unga. Alikuwa anamwambia mumewe kwamba mtu hawekezi meno ya mtoto mahali ambapo hajui kama mwaka ujao atakuwepo. Shemeji, watu wake walitoka Kasai. Yeye alizaliwa hapahapa, kwenye wodi ya Kampuni, Kasai alikuwa hajawahi kuiona hata kwa treni. Sisi, mimi na yaya, tulikuwa watu wa Katanga ya kaskazini. Miaka yote hilo lilikuwa jambo la utani tu, tulimcheka anavyosema Kiswahili kwa kuimba, naye alitucheka tunavyopenda majani ya mihogo. Mwaka ule wakubwa walianza kusema redioni kwamba nchi ina wenyewe na ina wageni, na sokoni likazuka neno la kuwaita watu kama shemeji: bilulu. Wadudu. Mara ya kwanza nililisikia kwa muuza nyanya niliyemzoea, akilisema bila hasira, akinipimia nyanya. Nilinunua nyanya zile. Niliogopa, na sikujua naogopa nini.

Shemeji alijibu upande wa pili wa ukuta kwamba ni kwa sababu hiyohiyo anataka kuacha unga. Mtu anayelipia meno ya watoto wake, alisema, watu wanaona kwamba anabaki. Kwa siku nyingi habari ile ililala pale, na pengine ingelala moja kwa moja, kama si mchezo wa sabuni.

Nilikuwa namwogesha Kapinga nyuma ya nyumba, na povu likamwingia jicho la kuume. Nikalifunika kwa kiganja, huku nikimwimbia. Yule mtoto alishika mkono wangu kwa nguvu, akaanza kulia kwamba nimezima jua. Nikadhani anacheza. Nikamfunika jicho la pili, la kushoto, akatulia, akaanza kunihesabia kuku wa jirani. Nikarudia la kuume: "Mama mudogo, toa mukono, minapotea." Nilirudia mara kadhaa, mpaka akanikasirikia. Ndipo nikakumbuka jinsi anavyoinamisha kichwa akitafuta mboga sahanini, jinsi anavyojigonga kwenye mlango ule wa kushoto, nasi tukimwita mzembe. Nilimfunga kitenge, nikamngoja shemeji mlangoni.

Kolwezi nzima mtu wa macho alikuwa mmoja tuliyemjua, Tata Kazadi, muuguzi wa chumba cha macho hospitalini, naye mtu wa Kasai, aliyeimba besi kanisani kwetu. Jumapili, baada ya misa, shemeji alimpelekea Kapinga pale nje ya kanisa. Tata Kazadi alichuchumaa, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamfunika jicho hili, akamfunika lile, akamwambia afuate kidole. Alituambia jicho la kushoto halina kidonda wala ugonjwa. Halikujifunza tu kuona, kwa sababu lenzake lilikuwa linafanya kazi yote. Linaweza kufundishwa, kwa miwani na kwa kulifunika lile lenye nguvu miezi mingi. Lakini miwani hupimwa kwa mashine, mashine iko chumbani mwa Kampuni, na bila karte ya meno na macho hana ruhusa ya kumwingiza.

"Na isichelewe," alisema. "Jicho ya mutoto inajifunza kuona sawa vile yeye alijifunza kusema. Iko na wakati yake. Mi naangaliaka meno: kabla meno ya maziwa haiyaanza kuanguka, tunaweza. Ikishaanza, mlango inaanza kujifunga."

Tangu siku hiyo shemeji alianza desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa buti, alimwita Kapinga, akamwambia afungue kinywa, akagusa meno ya chini kwa ncha ya kidole, moja moja. Kapinga alikuwa anacheka na kumng'ata. Yaya alisimama jikoni akijifanya anachochea moto, akisubiri kusikia. "Iko nguvu," shemeji alisema, na ndipo yaya alipoweza kumimina chai. Na mwisho wa mwezi yaya mwenyewe, aliyekuwa amekataa, aliacha unga wa watoto wawili kantini, akarudi na gunia limelegea mdomoni, akaanza kutupikia uji asubuhi badala ya bukari. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika, nilikuwa na njaa ya msichana wa miaka kumi na saba, na aliniambia nile maneno yangu.

Posho ya kwanza ilipita na majirani wa upande wa kushoto wakaondoka. Walikuwa watu wa Kasai pia, na walikodi lori mapema, wakapakia kila kitu, hata milango. Yule baba alikuja kumuaga shemeji, akamwambia kuna nafasi bado, leo unaondoka na vitu vyako na watoto wako wameshiba, kesho hujui. Shemeji akamwambia anangoja posho ya tatu. Yule mtu alimwangalia kana kwamba hakusikia. Habari ikafika kazini, wakampa jina, Tata Meno, mtu anayengoja meno wakati wenzake wanangoja treni ya Kasai. Wengine walicheka kwa upendo, wengine si kwa upendo. Jioni vijana walianza kukaa kwenye ukuta mdogo mbele ya nyumba yetu. Hawakufanya kitu. Walikaa, wakakata kucha, wakaangalia. Yaya aliwasalimia, walimwitikia vizuri, mama, maana yeye walimjua ni wa kwao. Hilo la kuitikiwa vizuri lilimtia yaya uchungu kuliko kutukanwa, aliniambia.

Kisha akaja yule mwanamke. Ilikuwa mchana, baada ya posho ya pili, tumekaa tunachambua sombe, yale majani ya mihogo. Alibisha hodi kwa heshima, amevaa vizuri, mkononi ana uzi wenye mafundo. Alisalimia, akauliza habari za watoto, akaomba maji, akanywa. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi, kwamba mume wake ameahidiwa nyumba hii, na kama haina ubaya angependa kupima madirisha, kwa ajili ya mapazia. Nilimtazama yaya nikidhani atamrukia. Yaya aliweka majani chini, akasimama, akampisha. Yule mwanamke alipima dirisha la sebule, akapima la chumba cha watoto, akipitisha uzi juu ya kichwa cha Dodo aliyekuwa amelala. Akauliza kama bati linavuja. Yaya akamwambia linavuja kidogo upande wa jikoni, mvua ikitokea magharibi. Akashukuru, akatuaga. Mpaka leo sijui kwa nini yaya alimwambia ukweli. Aliporudi kukaa, alichambua jani lilelile mara mbili, nami nilimchukia yule mwanamke kwa chuki ambayo sijawahi kuirudia kwa mtu mwingine.

Usiku ule ukuta ulinipa maneno machache tu. Yaya alisema twende, jicho moja linatosha kuishi, watu wengi wana moja. Shemeji akasema yeye hana nyumba, hana nchi, hana kazi kesho, kitu pekee anachoweza kumpa mtoto huyu ni hilo jicho, na imebaki posho moja. Yaya akalia. Asubuhi Kapinga akaguswa jino, na shemeji akachelewa kusema. Alirudia kidole. "Iko nguvu," akasema, lakini yaya alikuwa ameshaona uso wake, na chai ilimwagika mezani. Jino moja la chini lilikuwa limeanza kucheza.

Posho ya tatu ilichelewa. Kampuni haikuwa na unga, wakasema kesho, wakasema kesho tena, na kila asubuhi kidole cha shemeji kilikaa kinywani mwa mtoto muda mrefu zaidi. Akamkataza kuguguna miwa, akamkataza mahindi ya kuchoma, akamkataza kulichezea jino kwa ulimi. Mtoto alianza kuogopa kinywa chake mwenyewe. Hatimaye unga ukaja, tukauacha, karte ikatoka, ya kijani, majina ya watoto yameandikwa vizuri. Kesho yake tulitoka wote mapema kwenda hospitalini mjini, Kapinga amevalishwa gauni la Krismasi. Karani wa mapokezi alikuwa mwema. Aliitazama karte, akasema iko sawa, inafanya kazi mwaka mzima. Akatuelekeza kwenye korido. Chumba cha macho kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Shemeji alirudi kumwuliza ufunguo uko wapi, na karani akasema, bado kwa wema uleule, Tata Kazadi alikuja kuchukuliwa nyumbani kwake Jumatatu, yuko ku gare, stesheni, na wenzake wa Kasai waliofukuzwa, na mwingine wa macho hawana. Kwa meno mnaweza kungoja, akasema, wa meno yupo.

Tuliporudi Musonoi vitu vyetu vilikuwa nje, kwenye vumbi. Havikuvunjwa. Kabati la vikombe lilikuwa limesimamishwa wima, kwa uangalifu, na mapazia mapya, ya maua ya manjano, yalishafungwa dirishani. Vijana wa ukutani walitusaidia kufunga magodoro. Mmoja aliniambia mimi na yaya tunaweza kubaki, hakuna anayetugusa, ni shemeji tu na batoto yake. Yaya alijitwika sufuria. Mimi nilibaki Kolwezi, nikapokelewa na mama mmoja wa kanisani. Lakini siku zile zote nilizipitisha stesheni pamoja nao.

Atakayeniuliza stesheni ilikuwaje namwambia harufu tu: mkojo, moshi wa kuni za milango, maziwa ya watoto yaliyochacha. Watu walikuwa wamelala kati ya reli, chini ya mabehewa, juu ya vyerehani vyao. Treni haikuja. Watoto waliharisha, na asubuhi kina baba walipita na majembe wakielekea nyuma ya ghala. Tata Kazadi tulimkuta kwenye ncha ya jukwaa, amekaa juu ya begi lake. Shemeji hakumsalimu hata, alimwonyesha karte. Tata Kazadi akaisoma yote, mbele na nyuma, kisha akaokota kipande cha mkaa, akachora kwenye ubavu wa behewa herufi zenye miguu mitatu, kubwa juu, ndogo chini, akamwambia Kapinga aonyeshe kwa mkono miguu inaelekea wapi. Kwa jicho la kuume alizionyesha zote. Kwa la kushoto, hata ile kubwa kama sufuria hakuiona. Tata Kazadi alimfungua kinywa, akagusa jino, akalisukuma, likacheza. Halafu akatoa pamba na plasta begini, akaanza kulifunika jicho la kuume, lile zima. Yaya akamshika mkono.

"Unafunga ya muzima, unaacha yenye haione? Hapa? Mu hii batu yote?"

"Mama, njo dawa yenye iko," alisema. "Ingine sina."

Alifunga. Kapinga alipiga hatua, akakanyaga tumbo la mzee aliyelala, akaanza kupapasa hewa akituita. Shemeji alimnyanyua, akambeba tangu hapo kama mtoto mchanga. Nasema sasa nisije nikasahau: jicho halikurudi. Yaya alikuja kunieleza miaka mingi baadaye kwamba plasta iliyeyuka kwa jasho ndani ya behewa, na kule walikofika hapakuwa na mtu wa kubandika nyingine. Kapinga ni mama wa watu leo, na akizungumza nawe anakugeuzia bega la kuume. Baba yake, aliniambia yaya, hakuacha kuzungumzia lile lori la majirani, kwamba pengine kule mbele wangefika mapema na kumpata mtu.

Siku waliyoondoka treni ilikuwa imefika tangu alfajiri na watu walikuwa wanapanda kwa madirisha. Tulikuwa tumekaa juu ya godoro tunangoja zamu, nami nimewaletea kipande cha muhogo wa kuchoma, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Kapinga aliuma, akaacha kutafuna, akatema kiganjani. Jino lilikuwa pale, dogo, na damu kidogo. Sisi wakubwa tulilitazama jino. Yeye ndiye aliyefurahi. Alilipapasa kwa kidole kwa sababu hakuweza kuliona, akacheka na pengo lake. Kwetu jino la kwanza mtoto hulitupa juu ya bati la nyumba yao, ili jipya liote haraka, na alikuwa amewaona watoto wote wa mtaa wakifanya hivyo, aliingojea zamu yake. Akamgeukia baba yake, plasta usoni, ngumi imefungwa.

"Tata, tunatupa juu ya nyumba gani?"

Shemeji aliishika ngumi ile. Akatazama mabehewa, akatazama ghala, akanitazama mimi. Wakaanza kuita watu wa behewa lao.